Kisu cha Buseresere

Jumatatu tarehe 11 Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere, wilaya ya Chato mkoani Geita, mchungaji wa kanisa la Kipentekoste aliuawa kwenye vurugu zilizoanzia kwenye nyama. Wakristo walikuwa wamechinja wenyewe, na nyama ile ikawekwa sokoni. Baadhi ya Waislamu waliona mpaka umevukwa. Watu wengine walijeruhiwa siku hiyo, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikawa inajadili nani mwenye haki ya kushika kisu.

Kisa hiki nimekitumia mara nyingi kuwafundishia wainjilisti na wazee wa kanisa. Nakiandika hapa kwa kirefu kwa sababu kila ninapokirudia naona lilelile. Kanisa halikupungukiwa mafundisho, wala nyaraka, wala hata marafiki Waislamu. Vyote hivyo lilikuwa navyo, ila havikuwa vimefika machinjioni.

Kabla sijaendelea niseme jambo ambalo lugha ya mazungumzo ya dini hupenda kulifunika. Magazeti yaliandika "mgogoro wa kuchinja", na jina likakaa. Lakini mtu aliyekufa hakufa kwa mgogoro. Aliuawa na watu, na kuua ni kosa la jinai hata kama chanzo kingekuwa ng'ombe mia. Mwinjilisti anayefundisha amani huku akiruka neno "aliuawa" atawapoteza waombolezaji dakika ya kwanza, na ni haki yao kumwacha. Vilevile waliofanya kitendo kile hawakuwa Waislamu wa Buseresere wote. Palikuwa na majirani waliolia. Hayo mawili nayaweka mwanzoni, maana bila hayo kila kitakachofuata kitasikika kama upatanisho wa bei rahisi.

Mzee aliyeitwa asubuhi

Aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa desturi hii. Ng'ombe anaweza kuwa wa Msukuma anayeshika dini ya jadi, aliyemnunua mnadani akawa Mkristo, mwenye bucha Mkristo, na afisa mifugo anayeikagua nyama na kuigonga muhuri Mkristo pia. Wachunaji ni mchanganyiko. Ikifika saa ya kukata koo, anaitwa Mwislamu. Anamwelekeza mnyama Kibla, anataja jina la Mwenyezi Mungu, anakata. Baada ya hapo nyama ile inaliwa na mji mzima na hakuna anayelazimika kuuliza kitu. Mama lishe anapika sufuria moja tu.

Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Krismasi ilipokaribia mbuzi alifungwa nyuma ya nyumba, na alfajiri mmoja wetu alitumwa kwa mzee jirani: "Shikamoo babu. Baba anasema uje utuchinjie." Mzee alikuja na kisu chake mwenyewe, amekifunga kwenye kitambaa. Alichinja, akakaa kunywa chai, akaondoka na fungu lake, na mchana wajukuu zake walikula nasi pilau. Mbuzi wa kula sisi wenyewe baba alimchinja kwa mkono wake. Siku ya wageni alimwita mzee, maana alitaka kila atakayeingia uani ale bila wasiwasi.

Hakuna aliyemwamuru. Na hapo ndipo kisa chenyewe kinapofunguka. Baba akimwita jirani, huo ni ukarimu, na jirani anajua ni ukarimu. Ofisi ikimwambia baba huyohuyo kwamba ng'ombe wa kuuza hawezi kumchinja kwa sababu ya dini yake, anajiona ameshushwa daraja katika nchi yake. Kisu hakikubadilika. Kilichobadilika ni nani anatoa na nani anadai.

Katika miji iliyokaa pamoja vizazi vingi tofauti hii haionekani, kwa sababu undugu umeifunika. Mjomba ni Mwislamu, shangazi ni Mlutheri, na msiba mmoja unasomewa dua mbili. Katoro na Buseresere ni miji ya namna nyingine. Imeshikana, mmoja uko wilaya ya Geita na mwingine Chato, kwenye barabara ya kwenda Bwanga na Biharamulo, na imekua haraka kwa biashara na dhahabu. Watu wametoka kila upande: Wasukuma, Wazinza, Wahaya, Waha, na wengine wengi wa mbali zaidi. Mtu anaweza kununua nyama miaka mitano kwenye bucha moja na asijue aliyeichinja anaitwa nani. Desturi iliyozaliwa na ujirani ilihamia mahali ambapo ujirani ulikuwa bado mchanga.

Mizigo mingine

Ingekuwa nyama peke yake, nadhani wazee wangeimaliza kwa kikao kimoja. Lakini miezi ile ilikuwa mizito. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa moto Mbagala, Dar es Salaam, baada ya mtoto mmoja kudaiwa kuikojolea Kurani. Novemba, Zanzibar, Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akapona. Siku 6 baada ya Buseresere, Jumapili tarehe 17 Februari, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar. Mei mwaka uleule bomu lilirushwa kwenye kanisa la Olasiti, Arusha, siku ya kuzinduliwa kwake, na watu wakafa.

Upande wa Waislamu nao walikuwa na lao la muda mrefu. Walilalamika kuhusu mahakama ya kadhi, ile ya kuamua ndoa na mirathi kwa sheria ya Kiislamu, ambayo walitaka irudishwe. Walilalamika kuhusu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa juu ya hospitali na shule, ambayo wengi wao waliyaona ni upendeleo wa wazi kwa Wakristo. Mkristo anaweza kuyatetea makubaliano yale kwa hoja nzuri, kwamba hospitali za makanisa zinatibu kila mtu, na ni kweli zinatibu kila mtu. Lakini mtu anayefanya kazi ya amani hana budi kwanza aweze kuyaeleza malalamiko ya mwenzake kwa namna ambayo mwenzake atasema, "Ndiyo, hapo umenielewa." Wainjilisti wengi ninaowafundisha hushindwa zoezi hili mara ya kwanza. Wanaanza kujibu kabla ya kumaliza kueleza.

Basi kisu kilibeba kadhi, hospitali, makanisa yaliyoungua na mapadri waliopigwa risasi. Mkristo wa Geita aliyeuliza "ni kwa sheria ipi?" hakuwa anauliza habari za nyama tu. Alikuwa anauliza kama anahesabiwa raia kamili. Mwislamu aliyemjibu kwa ukali naye hakusikia swali la uraia. Alisikia kwamba kesho hataweza kununua nyama bila hofu, na kwamba jambo la mwisho alilobaki nalo mjini linachukuliwa. Mmoja aliuliza, "Mimi ni nani hapa?" Mwingine aliuliza, "Nitakula nini?" Kila mmoja alijibiwa swali ambalo hakuuliza.

Paulo sokoni

Hapa kanisa lina hazina ambayo sijui dini nyingine inayo kwa ukubwa huu, maana kugombana kwa waumini juu ya nyama ya sokoni ndiko kulikozaa sura nzima za Agano Jipya. Korintho ulikuwa mji wa bandari uliojaa wageni, na nyama nyingi ilipitia mahekalu kabla ya kufika mezani. Nawaomba wanafunzi wasome 1 Wakorintho sura ya 8 hadi ya 10 kwa mkao mmoja, kwa sauti, bila kuchomoa mistari.

Hoja ya kwanza iliyosikika mwaka 2013, na bado naisikia, ni kwamba mnyama aliyechinjwa kwa Bismillahi ni sadaka kwa sanamu, hivyo Mkristo asile. Paulo anaijibu kwa kifupi: "Kila kitu kiuzwacho sokoni kuleni bila ya kuuliza-uliza, kwa ajili ya dhamiri." Ikiwa hata nyama iliyotoka hekalu la miungu wengi Mkristo hakutakiwa kuidadisi, sioni mtu atasimamaje juu ya sura hizi kuikataa nyama ambayo mchinjaji ametaja jina la Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na nchi. Mhubiri akitaka kuikataa, atafute msingi mwingine, na aniambie kwa nini wazazi wake waliila miaka yote.

Hoja ya pili inatoka upande wa wapole, nayo ni ngumu zaidi kuigusa kwa sababu ina maneno mazuri. Inasema: Paulo alijinyima, nasi tujinyime, tunyamaze. Wanausoma mstari maarufu: "Kwa hiyo, chakula kikimkwaza ndugu yangu, hakika sitakula nyama hata milele." Nawaomba wanafunzi waliangalie lile neno "sitakula". Ni nafsi ya kwanza, umoja. Katika mstari huu Mtume hasemi "msile", wala hakuandikiwa na liwali wa Korintho. Anajifunga mwenyewe kwa hiari, na mara tu baada ya kujifunga, katika sura ya 9, anatumia mistari mingi kuthibitisha kwamba uhuru anao. Anayejinyima kitu ambacho hakuwa nacho hajajinyima chochote. Kwa hiyo mstari huu hauwezi kugeuzwa amri ya wilaya ya kumnyamazisha Mkristo. Wala Mkristo hawezi kuuruka akasema haki yangu kwanza, jirani baadaye.

Kuna mwanafunzi huuliza kila mara: aliyekwazwa kwa Paulo ni ndugu katika Kristo, sasa Mwislamu anaingiaje? Swali zuri. Jibu liko mwisho wa sura ya 10, ambapo Paulo anataka wasiwakwaze Wayahudi wala Wayunani wala kanisa la Mungu. Anawataja wa nje kabla ya wa ndani.

Na ipo hoja ya tatu, ambayo wainjilisti wenye elimu kidogo ya Uislamu huipenda mno. Wanasema sura ya Al-Maida, aya ya 5, inawahalalishia Waislamu chakula cha watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, basi Mwislamu hana sababu ya kukataa nyama iliyochinjwa na Mkristo. Aya hiyo ipo. Ipo pia ya Al-An'am, 121, inayokataza kula mnyama asiyetajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wao wamejadiliana karne nyingi namna ya kuzisoma hizo mbili pamoja. Lakini hata kama kila mwanazuoni duniani angekubaliana na mwinjilisti wetu, bado anakosea. Anaingia nyumba isiyo yake na kumwambia mwenyewe apike nini. Sisi hatungependa sheikh asimame sokoni atufundishe maana ya Meza ya Bwana. Dhamiri ya Mwislamu juu ya chakula chake aifunze Mwislamu.

Meza ya viti vitatu

Jambo linaloniumiza zaidi katika kisa hiki ni dhahabu.

Miaka 5 kabla ya Buseresere, mwaka 2008, Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) walitoa kwa pamoja ripoti juu ya jinsi Tanzania ilivyokuwa ikipata kidogo mno kutokana na uchimbaji wa dhahabu. Mrabaha, yaani fungu ambalo mwenye mgodi huilipa Serikali kwa madini anayochimba, wakati huo ulikuwa asilimia 3. Maaskofu na masheikh walikaa meza moja, wakasoma hesabu, wakasema kwa sauti moja kwamba mali ya wananchi inaondoka. Sheria mpya ya madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Mwaka 2012 kamati yao ya pamoja ikatoa ripoti nyingine, kuhusu kodi inayopotea kwa misamaha na utoroshaji wa fedha. Hiyo ni kazi ya haki ambayo hakuna dini moja ingeiweza peke yake. Serikali inaweza kumwambia askofu kwamba anafanya siasa, na sheikh vilevile. Kuwaambia wote wawili kwa pamoja ni vigumu zaidi.

Geita ni nchi ya dhahabu. Machimbo makubwa kabisa nchini yako hapo. Kwa maneno mengine, viongozi wa dini zote mbili walikuwa tayari wamesimama bega kwa bega kuhusu udongo wa Geita, wakati wengi wa watu wa Geita wenyewe, nadhani, walikuwa hawajui kwamba kuna kitu kama hicho. Mwaka 2013 walipogombana, hakuna aliyesema, "Subirini, wakubwa wetu ni washirika." Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mawaziri, wabunge na wafadhili. Mchuuzi wa Katoro haikumfikia.

Na hata ingemfikia, viti vilikuwa vitatu. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayamo TEC wala CCT, na mchungaji aliyeuawa alikuwa Mpentekoste. Upande wa pili, Waislamu wengi, hasa vijana, hawaitambui BAKWATA kama sauti yao. Wamekuwa wakisema hivyo waziwazi tangu zamani. Kwa hiyo waliokuwa wakizungumza hawakuwa wanagombana, na waliokuwa wakigombana hawakuwahi kualikwa kuzungumza. Mtu akiniuliza kosa kubwa la kazi ya mahusiano ya dini katika kisa hiki ni lipi, nitamwonyesha hilo kabla ya jingine lolote.

Nyaraka nyingine nazitaja haraka. Wakatoliki wana Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, inayosema kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu. Makanisa ya Kiprotestanti Afrika yana PROCMURA, mpango wa mahusiano ya Wakristo na Waislamu, iliyoanza mwaka 1959 na makao yake yako Nairobi, ambayo tangu mwanzo imeshika mambo mawili bila kuachia hata moja: kuishuhudia Injili kwa uaminifu, na kuishi na Waislamu kwa amani. Mwinjilisti wa Kipentekoste akisikia "mazungumzo ya dini" hudhani anaombwa aache kuhubiri, ndiyo maana namwonyesha hili la PROCMURA mapema. Akishajua hatanyang'anywa Injili, huanza kusikiliza.

Uamuzi, na yale yaliyobaki

Serikali, kupitia Waziri Mkuu wa wakati huo Mizengo Pinda, ilitaka desturi iendelee: nyama ya kuuzia umma ichinjwe na Waislamu, na anayetaka kuchinja kwa ajili ya kula kwake achinje, huku viongozi wa dini wakiendelea na mazungumzo. Aprili mwaka huohuo fujo za kuchinja zililipuka Tunduma, mpakani mwa Zambia, zaidi ya nusu ya nchi kutoka Geita, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Baadaye jambo likapoa. Wachinjaji waliendelea kuchinja na watu waliendelea kula.

Uamuzi ule naona ulikuwa na busara yake. Ulitenganisha meza ya nyumbani na soko, kama Paulo anavyotenganisha, na ulizuia damu zaidi. Lakini swali la Mkristo, "mimi ni nani hapa?", halikujibiwa. Aliambiwa tu atulie. Swali la namna hiyo halifi kwa kutulizwa.

Wapo wanaopendekeza mabucha mawili kila mji, kila moja na bango lake. Mfano wanaoutoa ni kitimoto: kinauzwa Dar es Salaam miaka mingi, kila mtu anajua kiko wapi, na hakuna vita. Ni mfano mzuri, lakini nyama ya nguruwe mtu anaijua ilivyo na inakouzwa. Ng'ombe aliyechinjwa na Juma na aliyechinjwa na Yohana wakining'inia kwenye ndoano hawatofautiki hata kidogo, kwa hiyo kila kitu kitategemea uaminifu wa muuzaji. Na mji mdogo unaochinja wanyama wachache kwa siku utawagawa wateja, kisha misiba, kisha harusi. Mama lishe atahitaji sufuria mbili, au achague wateja. Mwenye kutaka bucha lenye bango asizuiwe, ila mimi sitamani kuona nchi inafika huko.

Ninachokitaka mimi ni kwamba baba aulizwe, asiamriwe. Kikao kikae kwenye kata, siyo Dar es Salaam: mtendaji, afisa mifugo, wenye mabucha, mchinjaji mwenyewe, mama lishe wawili watatu, maimamu wa misikiti yote pamoja na ile isiyo ya BAKWATA, na wachungaji wote pamoja na wale wanaosali kwenye mabanda ya mabati. Kwanza isemwe wazi, na imamu awe wa kwanza kusema, kwamba Mkristo ana haki sawa na raia mwingine yeyote. Halafu Wakristo, wakiwa hawajalazimishwa, waseme kama wako tayari kisu kiendelee kushikwa na jirani Mwislamu ili mji ule sufuria moja. Naamini sehemu nyingi watasema ndiyo, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakifanya wazazi wao. Sehemu nyingine watasema hapana, na hiyo hapana nayo isikilizwe bila mtu kuchukua panga. Ujira wa mchinjaji ujulikane na wote, maana minong'ono kuhusu hela ilichochea mambo kuliko watu wanavyopenda kukiri.

Mafunzo yangu hayaishii darasani. Siku ya mwisho kila mwinjilisti hutakiwa kuamka alfajiri kwenda machinjio ya kwao, amsalimie mchinjaji, aulize jina lake na ya nyumbani kwake, arudi. Asihubiri, asijadili aya yoyote.

Mmoja alirudi akiwa kimya. Alimkuta mzee anainoa ncha ya kisu, akajitambulisha kwamba ni mwinjilisti wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara, kanisa ambalo mzee yule alipita mbele yake kila siku. Mzee alimpokea vizuri, akamvutia kigoda. Akamuuliza, "Haya, mwanangu. Mna harusi, au mna msiba?"